Kitambaa cha Bei ya Mwezi

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla wauza mandazi hawajapuliza moto, Godelive alitoa sandukuni kitambaa cheusi cha mita mbili, akakipigilia misumari minne ukutani nje ya chumba chake, akashika chaki yake ya kushonea na kuandika. Hakuandika tangazo la kanisa wala habari za michango. Aliandika nyumba. Nyumba zote zilizouzwa kambini Dzaleka mwezi uliopita, kila moja na bei yake ya kweli, ile iliyotoka mkononi mwa mnunuzi ikaingia mkononi mwa muuzaji, si ile iliyonenepeshwa njiani.

"Vyumba viwili, mabati, karibu na bomba: kwacha laki tisa. Chumba kimoja, nyasi, Katubza: laki mbili na nusu. Vyumba vitatu, ukuta una ufa: laki saba."

Watu walijaa. Vijana wa kabaza walisimamisha baiskeli katikati ya njia, abiria wakiwa bado wamekaa nyuma.

"Laki tisa? Ile nyumba ya bomba? Mwaka yenye ilipita ilikuwa laki tatu!"

"Kambi imekuwa ville, mji kabisa, ndugu yangu."

"Ville gani haina karatasi ata moja?"

"Karatasi ya nini? Angalia bei, hiyo njo karatasi!"

Wakacheka, wakasogea karibu zaidi. Hakukuwa na mchezo wa mpira uliowapandisha watu mori kama kitambaa kile. Na sababu ilijulikana. Mahali hapa palijengwa zamani pawe gereza. Kisha tukawekwa sisi wakimbizi, tukaambiwa tusubiri kidogo. Tumesubiri mpaka watoto wetu wamezaa. Halafu, mwaka ule serikali ilipoamuru wakimbizi wenye biashara mjini warudi kambini, malori yakapita mitaa ya Lilongwe, Area 25, Mchesi na Area 36, yakasomba waliokuwa na maduka na cherehani, yakawamwaga vilimani hapa Dowa kama mchanga. Godelive mwenyewe alikuwa ndani ya lori la pili. Aliacha Mchesi duka lenye kioo. Alifika na cherehani mbili, mashine ya kumalizia pindo, binti yake Vainqueur, na hasira ambayo hajaitua hadi leo. Watu walipoongezeka ardhi haikuongezeka, na tangu hapo nyumba za udongo zikawa zinapanda bei kila mwezi kama zimetiwa chachu.

Hati ya nyumba hakuna. Ardhi si yetu, kila mtu anajua. Kinachofanya nyumba iwe yako Dzaleka ni pembe. Siku ya kukabidhi, majirani wanne wanasimama, mmoja kila pembe ya nyumba, kiganja ukutani. Muuzaji anataja bei kwa sauti. Mnunuzi anaitikia. Majirani wanasema, "Tumesikia." Basi. Bila pembe, unaweza kuwa na karatasi zenye mihuri kumi, siku ukisafiri kwenda sokoni utakuta mwingine ameingia na godoro. Godelive aliishi hapa miaka minane kabla ya kuhamia mjini, akawekea kiganja kuta zisizo na idadi, na hakuna bei aliyoisahau. Watu walisema kichwa chake ni kabati ambalo halina mlango wa kutokea.

Mtu mmoja tu hakukipenda kitambaa, naye alikuwa Télesphore, komisioneri, yaani dalali wa nyumba. Yeye ndiye aliyewatafutia wauzaji wanunuzi na wanunuzi wauzaji, na katikati yao akaota kitambi. Chumba alichopanga Godelive kilikuwa chake. Asubuhi hiyo alisubiri watu wapungue, akaja na simu zake mbili na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Dzaleka lilikuwa linaviheshimu kwa sababu isiyojulikana.

"Mama Vainqueur, jambo."

"Jambo, Papa Télesphore. Umekuja kusoma?"

"Mi sisome vitambaa. Nimekuja kukuambia, mwisho ya hii mwezi unipe chumba. Kuko famille inatoka Lilongwe, itanilipa mara mbili."

Godelive alishusha chaki. "Niko na mashini mbili na banafunzi batatu. Unanifukuza niende wapi?"

"Mi sikufukuze, mama. Soko njo inakufukuza." Akaonyesha kitambaa kwa kidevu. "Si we mwenyewe uliandika bei zimepanda?"

Akaenda zake akichekelea. Godelive alitazama chaki, imevunjika vipande viwili mkononi.

Lakini alijua pa kwenda. Alipajua siku nyingi. Nyumba ya jirani yake Niyibizi, Mrundi mpole mwenye kuchonga mipini ya majembe, ilikuwa na mlango wa bluu, vyumba viwili, na mbele yake baraza pana lenye nguzo mbili za mti, linaloangalia njia ya soko uso kwa uso. Hapo mtu akikaa na cherehani, hata mpita njia asiye na nguo iliyochanika angesimama. Na Niyibizi alikuwa anaondoka. Jina lake, la mkewe Fidès na la mtoto wao Hirwa yalikuwa kwenye orodha ya ndege ya wanaohamia ng'ambo, ubaoni, yanasomeka: Jumapili baada ya wiki mbili. Kwa sare za shule na kwa kuuza mashine yake ya kumalizia pindo, Godelive alikuwa ameweka laki nane. Alivuka uchochoro siku hiyo hiyo.

"Papa Hirwa, nimesikia mutasafiri. Mungu awatangulie. Nimekuja juu ya nyumba."

Niyibizi, ambaye siku zote alimkaribisha kwa kiti, alibaki mlangoni. Macho yake yaliruka kulia na kushoto.

"Nyumba gani? Nani amesema nauza?"

"Si mutabeba nyumba kwenye ndeke, papa."

"Siuzi. Usiseme hiyo maneno tena, nakuomba. Usiandike." Akafunga mlango wa bluu, taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Godelive alirudi amechanganyikiwa. Mtu anaondoka milele, na hauzi?

Jibu alilikuta Lilongwe. Alhamisi aliomba kibali cha kutoka, akaenda Mchesi kununua nyuzi na zipu, na alipokuwa anabishana na muuzaji, mtu akamshika bega. Alikuwa Charlène, mwanamke wa Bukavu kama yeye, aliyeimba naye kwaya moja enzi za mjini. Alikuwa amefunga vitu vyake kwenye mabunda, watoto wake wanne wameyakalia kama kuku.

"Godelive! Tutakuwa bajirani! Nimepata nyumba Dzaleka, nyumba muzuri! Mlango ya bleu, baraza kubwa mbele, kuko nguzo mbili za mti. Komisioneri moja amenionyesha picha. Milioni mbili. Nalipa Jumamosi ya wiki inakuja, saa tisa."

Godelive aliweka zipu chini. "Komisioneri mwenye viatu vyeupe?"

"Huyo huyo! Unamujua?"

"Namujua sana," alisema Godelive. "Charlène, usilipe ata tambala moja kabla ya kufika. Uje na pesa yako ndani ya nguo, uje pale saa tisa, usiongee naye tena. Zikomo," akamshukuru muuzaji, akaacha nusu ya zipu mezani akakimbilia basi.

Milioni mbili! Na mwenye nyumba anasema hauzi!

Alimkuta Fidès bombani, ndoo ya tatu kwenye foleni. Hakumzungusha.

"Mama Hirwa, Télesphore anawapa ngapi?"

Fidès alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini uso wake haukujua kudanganya. Alitazama ndoo zake. Kisha akamvuta pembeni.

"Laki tano. Alisema kimya kimya, kwa karatasi, bila pembe. Mwenye kuuza nyumba mbele ya bantu, jina yake wanaifuta kwenye orodha. Ndege inamuacha." Akaangalia foleni nyuma yake. "Miaka kumi na tano tumengoja, Mama Vainqueur. Tutakosa ndege juu ya nyumba ya udongo? Na alisema kile kitambaa chako njo ofisi ya wakimbizi inasoma kwanza. Unaandika nyumba, banafuta jina. Tunakuogopa wewe kuliko yeye."

Kumbe chaki ya Godelive mwenyewe ndiyo iliyokuwa fimbo mikononi mwa Télesphore! Alikuwa anatembea kila mwezi akijivuna kwamba ameleta bei mwangani, na huku yule mtu anapita nyuma yake akiwanong'oneza waoga: mnaona, amewaandika.

Na tuseme kweli yote, kwa sababu hadithi iliyofichwa nusu ni uongo. Pale bombani wazo lilimjia. Laki tano zile ni kidogo. Yeye ana nane. Angeweza kumwambia Fidès, sawa, kimya kimya, nipe mimi, bila kitambaa. Wangemshukuru. Kesho angekuwa barazani. Alilishika wazo hilo kwa muda wa ndoo moja kujaa. Halafu akakumbuka wana wa Charlène walivyoyakalia mabunda, akakumbuka malori, akalitema.

"Nipe ruhusa ya kitu kimoja," alisema. "Jumamosi ya wiki inakuja, kwenye maombi yenu ya kuagana, niseme."

Fidès alimtazama sana. "Ukisema na ndege ituache?"

"Ikiwaacha, mutakaa kwangu mpaka nife."

"Kwako wapi? Si unafukuzwa?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha ghafla kilichomwaga maji.

Jumamosi hiyo saa nane mchana ua wa Niyibizi ulikuwa umejaa hadi kwenye mipapai. Maombi ya kuagana hayaachwi na mtu: msafiri anagawa sufuria, beseni, viti, na wakati mwingine hata kuku. Pasta alipomaliza kuomba, kabla sufuria ya kwanza haijatolewa, Godelive alisimama. Mkononi alikuwa na kitambaa. Alikigeuza upande wa pili, upande ambao haukuwahi kuandikwa, na kumbe asubuhi yote alikuwa amekaa nao. Majina kuanzia juu mpaka chini.

"Bajirani!" alisema. "Nimesikia ati mwenye kuuza nyumba mbele ya bantu, ndeke inamuacha. Basi mi niko na kichwa kibaya, sisahau. Munisaidie. Cishahayo! Aliuza nyumba ya Kawale mbele ya hii hii macho yetu, nani alisimama pembe?"

"Mimi!" mzee mmoja akajibu kutoka nyuma.

"Alikosa ndeke?"

"Alipanda!"

"Nsengimana na muke yake, nyumba ya mabati, laki mbili na ishirini, mvua ilinyesha tukasimama pembe na miavuli. Walikosa?"

"Walipanda!" Sasa walikuwa kumi.

"Mulenda! Aliuza asubuhi, akanywa pesa mchana, tukamubeba kwenye basi. Alikosa?"

"ALIPANDA!" Ua wote ulitikisika. Watu walicheka hadi machozi, wakawa wanamrushia majina wenyewe, na fulani, na fulani, na dada yangu, na yule mwenye mbuzi. Chaki ilikuwa haiwafikii tena. Mtu akapiga simu kwa Bienvenu, aliyeondoka mwaka juzi, na uso wake ukatokea kwenye kioo, amevaa koti nene ndani ya nyumba, macho ya usingizi.

"Bienvenu! Uliuza nyumba kimya au mbele ya bantu?"

"Mbele ya kanisa yote! Pasta alikuwa pembe ya tatu! Kuko nini? Nani amekufa?"

"Hakuna! Lala!"

Pasta alikohoa, akakubali kwa kichwa. Kweli, pembe ya tatu.

Hapo Télesphore akapita katikati ya watu, viatu vyeupe kwanza. "Hayo mambo ya zamani," alisema kwa sauti ya mtu wa ofisi. "Sheria imebadilika hii mwaka."

"Sheria gani, papa? Tuonyeshe."

"Iko ofisini."

"Njo kila siku iko ofisini!" Godelive alimsogelea. "Kumi na sita wa orodha ya ndege wameuza tangu Januari, niliandika mimi mwenyewe, wote wamepanda. Yenye haikuandikwa ni ile yako tu. Sema hapa, hii nyumba ya Papa Hirwa unamupa ngapi?"

Télesphore alichomoa simu moja, akaitazama. Papo hapo kabaza tatu zikaingia uani kwa kengele, moja na Charlène, mbili na watoto na mabunda. Charlène alishuka akitweta, akaona mlango wa bluu, akaona watu, akadhani ni mapokezi yake.

"Njo nyumba yangu hii! Ya milioni mbili!"

Mlio uliotoka katika ua ule, nani atauandika?

"MILIONI MBILI!"

"Na Papa Hirwa ameahidiwa laki tano!" alisema Godelive.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema Niyibizi. Alikuwa mtu mpole, tulisema. Aliingia ndani, akatoka na karatasi ya Télesphore, akaikunja mara nne, akaiweka katika mfuko wa shati la komisioneri na kuupapasa mfuko kwa upole ule ule. "Nauza," alisema. "Mbele ya bantu."

Na hapo hapo soko likafunguka. Mtu wa mtaa wa Likuni alisema laki nane. Hizo ndizo za Godelive zote, na bado hajatamka! Mwingine akasema laki kumi. Mwingine kumi na mbili. Watu walimwita Godelive aandike, nani mwingine anaandika, naye akaandika, mkono wake mwenyewe ukipandisha bei ya nyumba aliyoitaka kuliko kitu chochote. Charlène alisema milioni moja na nusu, akasimama kama ukuta. Hakuna aliyempita.

"Milioni moja na nusu," Godelive aliandika. Alikipata kile alichokipigania, mwanga, na mwanga ulikuwa umemnyang'anya nyumba.

Fidès, mwanamke wa maneno machache, ndiye aliyesema.

"Na baraza?"

"Baraza iko ndani ya nyumba," mtu akasema.

"Nani amesema? Nyumba iko na mlango. Baraza iko inje ya mlango." Akamgeukia Charlène. "Wewe unataka baraza?"

Charlène alitazama baraza, akawatazama wanawe wanne. "Mi nataka vyumba vya kulaza hawa. Baraza inaleta vumbi na bageni. Punguza bei, uchukue baraza yako."

"Laki tatu," alisema Fidès. Akamtazama Godelive. "Baraza, laki tatu. Njia ya kupita mlangoni haifungwi. Kuko mwenye anataka?"

Baraza peke yake! Halijawahi kuuzwa baraza peke yake Dzaleka tangu siku za gereza. Godelive alisema "Mimi!" kwa sauti iliyowafanya kuku wakimbie.

Charlène akauziwa vyumba kwa milioni na laki mbili, pembe nne, tumesikia. Likaja la baraza, na ubishi ukaanza upya. Baraza lina pembe ngapi? Mbili ziko ukutani, Charlène akaweka kiganja kwa moja, Pasta kwa nyingine. Mbili ni nguzo. Nguzo ya kulia, yule mzee aliyeitika kutoka nyuma akaishika. Nguzo ya kushoto inaelekea chumba anachopanga Godelive, na mnunuzi hawezi kujishuhudia.

"Basi mwenye chumba!" sauti ikapigwa. "Mwenye chumba njo jirani!"

Vichwa vyote vikageuka kwa Télesphore. Alikuwa ameshafika njiani. Angeweza kuondoka. Lakini alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba mwenye kukataa pembe ya jirani, yeye naye hatasimamiwa pembe tena, na komisioneri asiye na pembe atauza nini, hewa? Alirudi polepole. Aliweka kiganja kwenye nguzo.

"Laki tatu," alisema Fidès.

"Ninalipa," alisema Godelive.

"Tumesikia," walisema watatu. Wakangoja.

"Nimesikia," alisema Télesphore, akiongea na nguzo.

Usiku haukuwa na usingizi kwa Godelive. Alfajiri alikuwa kwenye basi la wasafiri kabla ya wasafiri. Mtumishi mwenye orodha aliita majina, moja, jingine, jingine, na kwa kila jina lisilo la Niyibizi Godelive alisogea hatua moja karibu na orodha. Aliapa mbele ya watu wote. Kama ni uongo? Kama kweli mwaka huu, mwaka huu tu, kuna karatasi ofisini?

"Niyibizi, watu watatu!"

Fidès alipanda, kisha akageuka ngazini, akacheka bila sauti, akamwonyesha viganja vyote viwili.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata, barazani pake, Godelive alitoa kitambaa na misumari minne, akainua nyundo, akasita. Chumba cha Télesphore alikuwa amekirudisha, akapanga cha kulala Katubza; ukuta wa hapa ni wa Charlène. Nguzo ndizo zake. Basi akatoboa kitambaa pembeni, akakifunga kwa kamba kutoka nguzo hadi nguzo, kikavimba kwa upepo juu ya cherehani mbili na wanafunzi watatu, na njia yote ya soko ikakiona. Aliandika nyumba zote. Mwisho akaandika: "Baraza moja, nguzo mbili, linaangalia soko: laki tatu."

"Mama Vainqueur!" kijana wa kabaza akapaza sauti kutoka nyuma ya umati. "Na mi niko na baraza! Yangu iko na nguzo tatu!"

"Nguzo tatu?" akadakia mwingine. "Basi iko laki nne!"

"Laki nne na nusu!"

Na mtu mwenye viatu vyeupe, aliyesema hasomi vitambaa, alikuwa amesimama mstari wa mbele, simu moja juu, anapiga picha.